Raba, Kiti na Shingo: Kutengeneza Bomba Linalovuja Nyumbani

Bomba la maji la nyumbani huvuja mahali patatu. Pa kwanza ni mdomoni, ambapo tone hufuata tone ingawa bomba limefungwa. Pa pili ni shingoni, chini ya kishikio, ambapo maji huchuruzika bomba likifunguliwa na hukoma likifungwa. Pa tatu ni kwenye mzizi, yaani pale bomba linapoungana na paipu ukutani au juu ya nguzo ya uani. Hapo maji hutoka muda wote, bomba liwe wazi au limefungwa. Kila mahali pana dawa yake. Anayetazama kwanza maji yanatoka wapi amekwisha kuipunguza kazi nusu nzima. Anayeanza kwa kukaza kishikio kwa nguvu zake zote hajatibu hata pamoja katika hapo patatu, na mara nyingi ndiye anayeligeuza tatizo la raba kuwa tatizo la bomba zima.

Katika Mocímboa da Praia, mji wa bandari kwenye pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, Kimwani, Kimakonde, Kiswahili na Kireno husikika katika soko moja, lakini vifaa vya maji hujulikana zaidi kwa majina ya Kireno. Bomba ni torneira, fundi wake ni canalizador, na duka la vifaa vya ujenzi ni ferragem. Anayetafuta raba ya bomba aombe vedante. Anayetaka spana yenye mdomo wa kupanuka na kubana aombe chave inglesa. Na sehemu yote ya juu ya bomba, inayofunguka kwa spana, huitwa castelo, yaani ngome. Akivuka mto Ruvuma na kufika Mtwara, Tanzania, mtu huyohuyo ataeleweka akitaja koki, raba na spana. Ushauri ulio salama kuliko yote ni kwenda dukani na kipande chenyewe cha zamani mkononi, maana vipande vinavyofanana kwa macho hutofautiana kwa milimita, na milimita moja inatosha kuvujisha maji.

Mazingira ya pwani hayana huruma kwa mabomba. Hewa ya chumvi hula skurubu za kishikio mpaka zikashikana na chuma kilicho chini yake. Maji ya visima vilivyochimbwa penye mawe ya matumbawe hubeba chokaa, na chokaa hujenga magamba meupe ndani ya shingo na mdomo. Pale maji yanapotoka kwa zamu, paipu hubaki tupu kwa saa kadhaa. Yanaporudi hutanguliwa na hewa, na pamoja na hewa huja mchanga na vipande vya kutu vilivyobanduka njiani. Punje moja ya mchanga ikikaa kati ya raba na kiti chake, bomba halifungi tena.

Mocímboa ina sababu nyingine ya kwake ya mabomba kuvuja. Mji ulitekwa na waasi Agosti 2020, ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda tarehe 8 Agosti 2021, na wakazi waliokuwa wametawanyika walianza kurudi baadaye. Raba iliyozoea maji kisha ikaachwa ikauka miaka miwili katika joto hukakamaa na kupasuka. Kwa hiyo bomba lililokuwa zima siku nyumba ilipofungwa linaweza kuvuja siku ya kwanza maji yanaporudi, bila kosa la mtu. Bomba la namna hiyo lisitupwe kabla ya kufunguliwa na kuangaliwa. Mara nyingi shaba yake bado ni nzima na kinachohitajika ni raba.

Ukubwa wa hasara hupimwa kwa hesabu nyepesi. Matone 20 hivi hutimiza mililita 1. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku, yaani lita 4 na ushei. Dumu la lita 20 hujaa kabla siku 5 hazijatimia, na kwa mwaka ni karibu lita 1,600. Kwa nyumba yenye mita, hayo ni maji yanayolipiwa bila kutumika. Kwa nyumba yenye tangi, ni tangi linaloamka tupu. Tena dimbwi la maji safi linalosimama chini ya bomba la uani ni mahali ambapo mbu wa malaria hutaga, na kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huweza kupita wiki moja au mbili tu.

Bomba lililoenea zaidi uani, jikoni na penye udhu msikitini ni lile la kuzungusha mara nyingi. Muundo huo una hataza ya Uingereza ya mwaka 1845, na waliouanza ni wasubu shaba Guest and Chrimes wa mji wa Rotherham. Tangu hapo umebadilika kidogo sana. Ndani mna mhimili wenye hesi, yaani meno ya skurubu. Kishikio kikizungushwa kulia, mhimili hushuka na kuisukuma raba ndogo ya duara mpaka ikalie kiti, yaani ukingo wa shaba unaozunguka tundu la maji. Kitu laini kikikalia kitu kigumu, maji hayana pa kupita. Bomba zima limetegemea raba hiyo, ambayo ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote.

Hapo ndipo ubaya wa kukaza kwa nguvu unapoonekana. Raba iliyochoka ikibanwa zaidi, ukingo wa kiti huikata kama mdomo wa glasi unavyokata unga uliosukumwa. Bomba hunyamaza kwa siku chache, kisha hudondosha zaidi. Mtumiaji hukaza tena, mpaka raba inakwisha na chuma kinagusa chuma. Sasa maji yanayopenya kwenye ufa mwembamba, pamoja na mchanga wake, huchimba mfereji kwenye ukingo wa kiti. Raba ingebadilishwa wiki ya kwanza, kazi ingekuwa ya robo saa. Kiti kikishachimbika, raba mpya peke yake haitoshi.

Kabla ya kufungua chochote, bomba lijaribiwe kwa kulifungua lote na kuyaacha maji yatoke kwa kasi kwa sekunde kadhaa, kisha lifungwe taratibu. Ikiwa tatizo lilikuwa ni punje ya mchanga, itasukumwa nje na kazi imekwisha. Jaribio hili halina gharama, na linafaa hasa asubuhi ya siku maji yaliporudi baada ya kukatika.

Likishindwa, hatua inayofuata ni kuyazuia maji. Nyumba nyingi zenye mita huwa na valvu karibu nayo. Zenye tangi huwa na valvu chini ya tangi. Valvu ambayo haijaguswa miaka mingi isilazimishwe: izungushwe kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka ilegee, kwa kuwa shingo ya valvu kongwe hukatika kwa urahisi na hapo uharibifu huwa mkubwa kuliko tone lililokuwa likitibiwa. Muhuri wa mita usiguswe kabisa. Pasipo valvu, kazi ifanywe katika saa ambazo zamu ya maji haijafika au wakati tangi limekwisha, na kizibo cha mti laini kilichochongwa kiwe tayari mkononi. Wapo wanaokunja paipu nyeusi ya plastiki na kuifunga kamba. Maji huzuilika, lakini mkunjo huacha udhaifu utakaopasuka siku nyingine. Njia hiyo ibaki kuwa ya dharura. Afadhali zaidi ni kutumia nafasi hiyohiyo kuweka valvu, ili ukarabati wa pili usiwe na hofu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: chave inglesa moja na koleo imara au spana ya pili, bisibisi bapa na ya nyota, kipande cha msasa laini, kitambaa, tepu nyeupe ya teflon, na raba mbili tatu za akiba. Mabomba mengi ya nyumbani ni ya nusu inchi, na raba yake huuzwa kwa jina hilohilo. Ya robo tatu inchi ni ya mabomba makubwa zaidi ya bustani au ya kujazia mapipa. Tundu la sinki lizibwe kwa kitambaa kabla kazi haijaanza, kwa kuwa skurubu ndogo ikitumbukia humo haipatikani tena.

Maji yakishafungwa, bomba lifunguliwe lote. Hili lina sababu mbili: maji yaliyobaki kwenye paipu humwagika, na mhimili hupanda juu ili raba isibanwe wakati kichwa, yaani ile castelo, kinapotolewa. Kisha kifuniko kidogo juu ya kishikio huinuliwa kwa ncha ya bisibisi, skurubu iliyo chini yake hulegezwa, na kishikio huvutwa juu. Kishikio kilichoshikana kwa chumvi au chokaa kimwagiwe maji ya moto au kifungwe kitambaa kilicholowa siki au maji ya ndimu kwa nusu saa. Tindikali hiyo huyeyusha chokaa bila kuumiza mikono. Kipigwe kidogokidogo pande zote, kisipigwe nyundo moja nzito upande mmoja.

Kufungua kichwa ndiyo hatua inayovunja mabomba mengi, kwa kosa moja: kutumia spana moja. Spana ikisukuma kichwa kushoto, bomba zima hutaka kugeuka pamoja nacho, na paipu ya plastiki iliyomo ukutani hupasuka mahali pasipoonekana. Kwa hiyo spana ya pili au mkono wenye koleo ushike mwili wa bomba na kusukuma kinyume, nguvu mbili zikipambana kwenye chuma bila paipu kuzihisi. Kitambaa kikiwekwa kati ya meno ya koleo na bomba, mng'ao wa bomba haukwaruzwi.

Kichwa kikitoka, raba huonekana kwenye ncha ya chini, imeshikwa kwa nati ndogo au imebanwa tu kwenye kikombe chake. Iliyochoka hujulikana mara moja: ina duara lililochongeka katikati, au imekuwa ngumu kama kwato, au imepasuka ukingoni. Mpya iwe na unene na upana uleule, na ikae bapa bila kuchezacheza. Siku duka limefungwa, raba ya zamani ambayo upande wake mmoja bado ni mzima inaweza kugeuzwa ikatumika kwa siku kadhaa. Wengi hukata raba kutoka kwenye ndala au tyubu ya baiskeli. Ndala ni sponji yenye vitundu vya hewa, hubonyea na kuvuja upesi. Tyubu ya baiskeli ni nyembamba mno. Tyubu nene ya gari kubwa ndiyo inayofaa zaidi kati ya hizo, ikikatwa duara kamili kwa wembe mkali kufuata kipimo cha raba ya zamani, nayo ihesabiwe kuwa ya muda tu.

Kabla ya kurudisha kichwa, kidole kipitishwe ndani ya bomba juu ya ukingo wa kiti. Ukingo mzima ni laini pande zote kama ukingo wa kikombe. Ukiwa na kishimo au mkwaruzo, raba mpya itakatwa kama ya zamani. Magamba ya chokaa huondolewa kwa siki na mswaki wa zamani. Mkwaruzo mdogo husawazishwa kwa msasa laini uliogundishwa kwenye ncha bapa ya kijiti cha mviringo, kikizungushwa kwa mkono mwepesi na kushikwa wima, maana kikilala upande mmoja kitakitia kiti mteremko. Kipo kifaa maalumu cha mafundi chenye meno ya kusawazishia, na msikiti au nyumba yenye mabomba mengi itanufaika kwa kukinunua: mabomba ya udhu hufunguliwa na kufungwa na watu wengi mara tano kwa siku, na raba na viti vyake huisha mapema kuliko vya jikoni. Baada ya kusaga, maji yafunguliwe sekunde moja kusafisha unga wa shaba, kwa kuwa unga huo ukibaki utaikata raba.

Kurudisha ni kufuata njia ileile kinyume. Kichwa kianzwe kwa vidole, kwani hesi ikiingia mshazari na kulazimishwa kwa spana hukata meno yake. Kisha kikazwe kwa spana kiasi cha kushikana tu. Maji yafunguliwe polepole bomba likiwa wazi kidogo, ili hewa itoke bila kugonga paipu. Ndipo bomba lifungwe kwa vidole viwili. Bomba lenye raba nzima na kiti kizima halihitaji zaidi ya hapo.

Maji yanayotoka shingoni yana chanzo tofauti. Chini ya kishikio, mhimili hupita katikati ya nati inayobana pete ya mpira au uzi uliosokotwa. Nati hiyo ikazwe kwa kiasi cha moja ya nane ya mzunguko, ijaribiwe, na ikibidi iongezwe kidogo. Ikizidi, kishikio huwa kigumu na mtumiaji hurudia ugomvi wa nguvu. Ikiwa kukaza hakusaidii, nati hufunguliwa, uzi wa zamani hutolewa kwa ncha ya msumari, na mpya huzungushwa kufuata upande wa kufungia. Uzi wa pamba uliopakwa grisi unafaa; tepu ya teflon iliyosokotwa kama kamba inafaa pia. Mabomba mapya hutumia pete ya mpira, ambayo hubadilishwa nzima. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yasitumike hapa, kwa kuwa hutokana na mafuta ghafi ya ardhini na huifanya raba ya asili ivimbe na kulegea. Grisi ya silikoni ndiyo isiyoidhuru.

Kwenye mzizi, tatizo huwa ni hesi. Bomba hutolewa lote, meno husafishwa kwa brashi, na tepu ya teflon huzungushwa kuelekea upande ambao bomba litakazwa, la sivyo itajikunja na kutoka wakati wa kufunga. Mizunguko minane hadi kumi na miwili hutosha kwa tepu ya kawaida nyembamba. Bomba likishakazwa lisirudishwe nyuma hata kidogo ili kunyoosha mdomo, kwani tepu hukatika; likae sawa kwa kusonga mbele. Mafundi wa zamani hutumia nyuzi za mmea badala ya tepu, na mtu wa pwani huielewa njia hiyo bila mwalimu, kwa kuwa ndiyo kanuni ya kalafati: nyuzi zikilowa huvimba, na zikivimba huziba nafasi ambayo maji yangepita, ubavuni mwa jahazi au kwenye meno ya bomba. Pale bomba la chuma linapoingia kwenye kiungo cha plastiki, nguvu zipunguzwe zaidi, maana plastiki hupasuka bila kutoa onyo.

Mabomba yanayofunguka kwa robo mzunguko hayana raba ya kukalia kiti. Ndani yake mna sahani mbili za kauri zilizolainishwa mpaka zikalaliana bila nafasi. Yakivuja, kukaza hakuna maana yoyote. Katriji yake, ambayo kwa Kireno ni cartucho, hutolewa kama kichwa cha kawaida, husuuzwa kwa maji safi, na pete ya mpira iliyo chini yake huangaliwa. Sahani ikiwa imekwaruzwa na mchanga, katriji yote hubadilishwa. Katriji ya maji ya moto na ya baridi kwenye sinki moja zinaweza kuzunguka pande tofauti, hivyo zisichanganywe. Mahali ambapo maji huja na mchanga mwingi, bomba la raba la shaba hustahimili zaidi kuliko la kauri, na hutengenezeka kwa kipande kinachopatikana popote.

Lipo bomba lisilostahili kutengenezwa. La plastiki ambalo meno yake yameliwa, la chuma chepesi lililopakwa rangi ya fedha ambalo limeanza kumeguka, na la shaba lililogeuka jekundu na kuwa dhaifu kama biskuti kwa sababu zinki yake imeliwa na maji ya chumvi, yote hayo yabadilishwe. Wakati wa kununua jipya, uzito ni kipimo kizuri kuliko mng'ao: shaba nzuri ni nzito mkononi.

Kazi ikiisha, kikombe kikavu kiwekwe chini ya mdomo usiku, na karatasi kavu izungushiwe shingoni na kwenye mzizi. Asubuhi vyote viwe vikavu. Nyumba yenye mita ina kipimo kingine: mabomba yote yafungwe, namba za mita ziandikwe kabla ya kulala na zisomwe tena alfajiri kabla mtu hajatumia maji. Zikiwa zimesonga, maji yanapotea mahali pengine, pengine kwenye paipu iliyozikwa, na huo ni wakati wa kumwita canalizador. Maji yanayobubujika upande wa barabarani, kabla ya mita, si kazi ya mwenye nyumba. Yaripotiwe siku hiyohiyo kwa wasimamizi wa maji, kwa sababu paipu iliyopasuka hutoa maji yakiwamo na huvuta uchafu wa ardhini yanapokatika.